Rimu "kuingia" maana yake nini?

Jirani yangu hapa Bamburi alinijia saa kumi na mbili asubuhi kuazima spea, gurudumu la akiba. Ana Toyota Premio ya rimu za chuma, mimi nina Subaru Impreza. "Zote tundu tano, jirani, itaingia tu." Na kweli iliingia. Akaenda nayo Mtwapa taratibu, akarudi salama. Siku chache baadaye nikapata pancha mimi, nikaenda kumwomba yake. Ikagoma. Stadi zote tano, yaani zile bolti za gari zinazofungiwa nati, zilipita kwenye tundu zake, lakini rimu haikutaka kulala kwenye habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu. Tulisukuma, tukapiga teke, wapi.

Muuza rimu za Japani atakuuliza kwanza tundu ngapi, na wengi wetu huishia hapo. Tundu ni hesabu ya mwanzo tu. Kinachofuata ni PCD: chora duara linalopita katikati ya tundu zote za nati, kisha pima upana wa duara hilo kwa milimita. Toyota Vitz ni 4x100, yaani tundu nne kwenye duara la milimita 100. Nissan Tiida nayo ina tundu nne, lakini duara lake ni 114.3, kwa hiyo hazibadilishani hata kidogo. (Hiyo 114.3 inayoonekana kama namba ya ajabu ni inchi nne na nusu.) Rimu ya tundu nne hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Ya tundu tano haina tundu linalotazamana na jingine, basi pima kati ya mawili yaliyo jirani: ukipata karibu milimita 59 hiyo ni 5x100, ukipata 67 ni 5x114.3.

Hatari kubwa iko kwenye tofauti ndogo. Magari mengi ya Mercedes-Benz ni 5x112, na mwenye rimu ya 114.3 hushawishika kuilazimisha kwa sababu ni milimita mbili na ushei tu. Nati hukaza kwa upande, stadi au bolti hubaki zimepinda kidogo, na huko mbele zinaweza kukatika. Kuna hata wanaopanua tundu kwa drili. Fundi akikupendekezea hilo, chukua rimu zako uondoke.

Sasa turudi kwa jirani. Premio na Impreza yangu zote ni 5x100, ugomvi wao uko kwenye tundu la katikati. La Toyota hiyo lina milimita 54.1, la Subaru 56.1. Habu ya Subaru ni nene kuliko tundu la rimu ya Toyota, ndiyo maana spea yake haikulala. Rimu ya Subaru kwenye Toyota hupita, ila inaacha nafasi ya milimita moja kila upande. Hapo ndipo watu hudanganyika: gari likishika themanini kwenye barabara ya Malindi, usukani unatetemeka, mtu anaenda kufanya balansi mara tatu bila kupona. Dawa yake ni ringi ya plastiki au alumini ya kujaza nafasi ile. Halafu hapa kwetu pwani habu hushika kutu haraka, kwa hiyo isugue kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, la sivyo rimu inakalia kutu badala ya chuma.

Nati nazo usichanganye. Za Premio na za Impreza yangu zote ni za stadi ya milimita 12, lakini nyuzi za Premio zimeachana milimita 1.5, za Impreza 1.25. Ya kigeni itazunguka raundi mbili tatu kwa mkono, kisha ikaze. Anayeendelea na spana hapo anang'oa nyuzi.

Offseti, yaani umbali kwa milimita kati ya uso wa rimu unaogusa habu na katikati ya upana wa rimu, huandikwa kwenye rimu yenyewe, kwa mfano ET45. Ukitoka ET45 ukaweka ET35 ya upana ule ule, gurudumu linatoka nje milimita 10. Gari tupu halitasema kitu. Pakia watu watano, ndipo usikie tairi likikwaruza madigadi.

Tairi lenyewe linasomeka hivi: 195/65R15 ni upana wa milimita 195, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Ukijumlisha rimu na ukuta wa juu na wa chini, gurudumu zima lina kimo cha milimita 634 hivi. 205/55R16 lina 632, kwa hiyo hayo mawili ni kama ndugu ingawa rimu zake si sawa. Lakini mwenye gari la 175/65R14, ambalo halifiki hata 584, akiweka 195/65R15, mshale wa spidi utasoma 80 naye anakwenda karibu 87. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kama Impreza yangu, usiache moja liwe na kimo tofauti na wenzake: gia za katikati zinazogawa nguvu zitasagana safari nzima.

Jirani siku hizi akija asubuhi huazima jeki. Spea amenunua yake.