Terminali ya VT100: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kwa kuwa ilikuwa na kioo cha inchi 12 na kibodi, wengi wanaoiona VT100 pichani huiita kompyuta ya kale. Sivyo. VT100, iliyotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani mwaka 1978, ilikuwa terminali: ilituma herufi zilizochapwa kwenda kwenye kompyuta iliyokuwa kwingine, kwa mfano PDP-11 au VAX, na kuonyesha majibu yaliyorudi. Haikuhifadhi mafaili, wala haikuendesha programu za mtumiaji.

Wengine nao huvuka mpaka upande wa pili, wakadai kwamba ndani hamkuwa na chochote cha kufikiri. Ukweli ni kwamba kichakataji cha Intel 8080 kilikuwa humo, kikisoma kibodi, kikifasiri amri zilizoingia na kupanga herufi kiooni. Hata kasi ya mawasiliano, iliyofika hadi baud 19,200 (yaani biti 19,200 kwa sekunde), iliwekwa kwa kibodi na kuhifadhiwa hata umeme ukizimwa, bila kuhangaika na swichi ndogondogo za ndani.

Dai la kwamba kila VT100 ilionyesha mistari 24 ya herufi 132 linahitaji hesabu kidogo. Kwa kawaida ilikuwa mistari 24 ya herufi 80, yaani herufi 1,920. Mtumiaji akichagua upana wa 132, mistari ilishuka hadi 14, yaani herufi 1,848, kwa sababu kumbukumbu ya msingi haikutosha zaidi. Mistari 24 ya upana huo ilihitaji bodi ya nyongeza. Ama maandishi ya kijani yanayopendwa na watengenezaji filamu, hayakuwa yake: kioo chake cha kawaida kiliwaka rangi nyeupe.

Husemwa pia kwamba amri zake zilikuwa siri ya kampuni. La hasha, zilifuata ANSI X3.64, kanuni ya wazi ya shirika la viwango la Marekani, iliyokuwa bado ikikamilishwa. Kompyuta ilituma alama maalumu isiyoonekana iitwayo ESC, kisha mabano ya mraba, kisha amri yenyewe: [10;20H ilipeleka kishale (alama ya mahali herufi inayofuata itakapoandikwa) kwenye mstari wa 10, nafasi ya 20, na [2J ilifuta kioo chote. Programu za terminali katika Linux na macOS bado huzitii. Hata hivyo, anayedhani kwamba programu hizo ni nakala kamili ya VT100 anakosea, kwani terminali hiyo haikuwa na rangi, na amri za kuingiza au kuondoa mistari katikati ya kioo zilikuja na VT102, terminali iliyoifuata.