Upepo wa ziwani na moyo kwenda mbio: maswali ya mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma

Swali: Mume wangu anavua dagaa, sasa upepo ukianza kuvuma usiku na yeye yuko huko ziwani moyo unanidunda balaa, jirani ananiambia vuta pumzi. Pumzi na moyo wapi na wapi?

Jibu: Pole sana dada, kukaa nje usiku unahesabu taa za mitumbwi sio kazi ndogo. Hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa dole gumba, ukipata mapigo vuta pumzi polepole afu itoe polepole. Watu wengi, hasa vijana, ukivuta mapigo yanakazana kidogo, ukitoa yanapoa, na wala sio ugonjwa. Kuna neva inaitwa vagasi inatoka kwenye shina la ubongo, pale chini juu ya shingo, inashuka mpaka moyoni, hiyo ndo breki ya moyo. Ukivuta pumzi breki inalegea, ukitoa inakanyagwa. Kwahiyo jirani kakupa nusu tu, utulivu uko zaidi kwenye kutoa.

Swali: Na hofu je, inaingiaje hapo?

Jibu: Kwenye shina hilohilo kuna kikundi kidogo cha seli kinachopanga mdundo wa kupumua, kilitambuliwa 1991. Mwaka 2017 watafiti Marekani waliona baadhi ya hizo seli zinapeleka taarifa kwenye sehemu ya ubongo inayouamsha mwili ukae macho, wakaziondoa kwa panya, na panya wakaendelea kupumua vizuri tu ila wakapoa, wanakaa wanajisafisha manyoya badala ya kuzungukazunguka wananusa. Panya sio mtu, lakini mimi hapo ndo nilielewa kwanini kuhema harakaharaka kunazidisha woga.

Swali: Nifanyeje sasa?

Jibu: Kaa, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, dakika tano hivi. Hapo unapumua kama mara 6 kwa dakika, wakati kawaida mtu mzima ni 12 mpaka 20. Usivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Swali: Naweza kuacha dawa za presha?

Jibu: Hapana kabisa dada, dawa endelea nazo. Na kifua kikibana, ukizimia, au moyo ukidunda hovyo hata umetulia, nenda hospitali usikuhuohuo, usisubiri mitumbwi irudi.