Picha ya simu na mdomo wa sufuria

Nimeletewa tena mchoro wa mchezaji mpira ulionakiliwa kwenye simu, pamoja na maneno yale yale: "Mwalimu, huyu kijana ana kipaji, Mungu kamjalia." Mzazi aliyekaa pembeni akadakia kwamba mtoto wake hana kipaji, afadhali aachishwe Sanaa asome masomo ya maana. Jambo hili nimelijibu kwa dakika mbilimbili mlangoni mpaka nimechoka. Leo naliandika.

Mchoro wenyewe ulikuwa safi. Kijana kapiga viboksi juu ya picha, kapiga vingine kwenye karatasi, kisha kahamisha boksi moja moja. Hiyo ni subira, na subira naiheshimu. Lakini maamuzi magumu yote yalishafanywa na kamera. Umbo lenye kina lilishalazwa bapa, ukingo ulishakatwa, mwanga ulishagandishwa. Kilichobaki kwake ni kuhamisha.

Sasa mwondolee simu, umwekee sufuria mezani. Kidato cha kwanza mimi huanzia hapo. Karibu darasa zima litachora mdomo wa sufuria kama duara kamili, kwa kuwa wanajua ni duara, na kitako watakipiga kwa rula, kwa kuwa wanajua meza ni bapa. Sufuria moja inakuwa imetazamwa kutoka juu na kutoka ubavuni kwa wakati mmoja! Aliyekaa kwenye dawati haoni duara, anaona duaradufu, yaani duara lililobanwa juu na chini. Nami hapa sikubali kuharakishwa, hata iishe wiki. Duaradufu haina ncha, ila wanafunzi huichonga pande zote mbili kama mtumbwi. Halafu kitako: kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, kwa hiyo mpindo wake unatakiwa uwe umejaa zaidi kuliko wa mdomo. Wengi hufanya kinyume, hata waliosifiwa tangu darasa la tatu. Huwa namsimamisha mwanafunzi, kisha namwambia ashuke taratibu, achuchumae, mpaka mdomo wa sufuria ujifunge na kubaki mstari mmoja. Akishauona ukijifunga, maelezo yangu hayahitajiki tena.

Kupima kwa penseli ni rahisi: funga jicho moja, nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike, la sivyo kila kipimo kitakuwa na urefu wake. Kuhusu vifaa, penseli laini za 2B na 4B zinatosha, na asiye na pesa achukue kipande cha mkaa jikoni.

Hivi vyote vinafundishika. Yule "asiye na kipaji" akifundishwa kutazama uwazi ulio kati ya mkono wa kikombe na kikombe chenyewe, na kuuchora uwazi huo badala ya mkono, kikombe chake hunyooka siku hiyo hiyo. Bingwa wa viboksi naye mara nyingi hukasirika mbele ya sufuria, maana hajawahi kuamua mstari uanzie wapi. Namhurumia kwa dhati. Sifa tulizomwagia ndizo zilizomkwamisha.

Je, kunakili ni kubaya moja kwa moja? Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alifundisha kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nampenda kwa msimamo huo. Lakini mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, mtindo wake ulibaki kwa sababu vijana wa Oysterbay, Dar es Salaam, waliokaa naye waliiga kazi yake, kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao wa masonaiti. Najiambia kuna tofauti: anayemwiga fundi akiwa kazini anaona kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na picha ya simu haionyeshi hilo. Hoja hiyo hunitosha siku nyingi, si zote. Wapo waliopata ujasiri kwa kunakili wachezaji, na bila ujasiri huo wasingegusa karatasi kabisa.

Na wapo watoto wanaoiona duaradufu siku ya kwanza bila kuambiwa. Sitadanganya kwamba mazoezi hufuta tofauti yote. Ninachokataa ni kumfungia mtoto mlango akiwa kidato cha kwanza kwa kuangalia mchoro mmoja.

Shida inakuja kwenye alama. Natunza karatasi zote za muhula, hata zilizoharibika, kila moja na tarehe yake, na sehemu ya alama naitoa kwa umbali mwanafunzi aliotembea tangu karatasi ya kwanza. Walimu wenzangu wanasema namwonea aliyekuja akiwa tayari anajua, kwa kuwa hana pa kutembea sana. Mpaka sasa jibu langu ni kumpa sufuria ngumu zaidi: iliyolala, yenye mfuniko nusu wazi, karibu na dirisha. Wenzangu hawajaridhika.