Je, wajua jinsi seli inavyouzima moto iliouwasha yenyewe?

Mwiba ukikuchoma kidoleni leo jioni, kesho asubuhi kidole kitakuwa kimevimba, chekundu, kina joto, na ukikigusa kinauma. Siku chache baadaye kimerudi kama kilivyokuwa. Watu wengi huuliza kwa nini kidole huvimba. Mimi swali ninaloliona zito zaidi ni hili: kwa nini uvimbe ule huisha? Maana wako watu ambao kwao hauishi. Mwenye baridi yabisi hushambuliwa maungio na kinga ya mwili wake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi. Mwenye lupasi hushambuliwa ngozi, figo, hata chembe za damu, na hakuna mwiba wala kijidudu kinachopiganwa.

Sehemu muhimu ya jibu imo katika protini iitwayo NF-kappaB. Kazi yake ni kuwasha jeni. Huingia ndani ya kiini cha seli, hung'ang'ania DNA mahali maalumu, na jeni za jirani huanza kusomwa: za kuziita chembe nyeupe za damu, za kutengeneza kemikali za uvimbe, za kuiwezesha seli kustahimili mapambano bila kufa. Jeni zinazoitika wito wake huhesabiwa kwa mamia.

Waliogundua protini hii mwaka 1986 ni Ranjan Sen na David Baltimore, huko Marekani, walipokuwa wakichunguza seli B, yaani zile zinazotengeneza kingamwili. Mwanzoni ilidhaniwa ni mali ya seli B tu, kwa sababu katika seli nyingine haikuonekana ikishika DNA. Miaka miwili baadaye Patrick Baeuerle, akifanya kazi na Baltimore, alichukua majimaji ya ndani ya seli zilizotulia, zisizo na dalili yoyote ya NF-kappaB, akayatia deoksikoleti, chumvi ya nyongo inayofanya kazi kama sabuni. Mara ile NF-kappaB ikajitokeza na kuanza kushika DNA. Kumbe ilikuwemo siku zote, ila imefungwa.

Kinachoifunga ni protini nyingine, I-kappaB. Hizi mbili ni chanda na pete. I-kappaB huikumbatia mwenzake na kuifunika ile sehemu inayoiruhusu kupita kwenye vitundu vya kiini, basi NF-kappaB hubaki nje, iko tayari lakini haiwezi kuingia. Mpangilio huu una faida moja kubwa, nayo ni kasi. Hatari ikitokea, seli haina haja ya kuanza kutengeneza protini mpya. Inafungua tu iliyopo.

Kufungua kwenyewe ni hivi. Kemikali ya tahadhari, kwa mfano TNF, inatua kwenye kipokezi kilicho juu ya seli. Habari hupokezanwa ndani mpaka ifike kwa kimeng'enya kiitwacho IKK, nacho hubandika fosfeti mbili kwenye I-kappaB. Alama hizo ni hukumu. I-kappaB huvishwa mnyororo wa ubikwitini, protini ndogo ya kutia alama kinachotakiwa kusagwa, kisha huburutwa hadi kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusagia protini. Ndani ya dakika 10 hadi 15 sehemu kubwa ya I-kappaB imekwisha kusagwa, na NF-kappaB imeshaingia kiinini.

Sasa tazama kinachofuata, kwa sababu kwangu hapa ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Miongoni mwa jeni za mwanzo kabisa ambazo NF-kappaB huziwasha ni jeni ya I-kappaB yenyewe. Mfungwa anatoka gerezani, na kazi yake ya kwanza ni kuagiza mlinzi mpya. I-kappaB mpya hutengenezwa, huingia kiinini, humbandua mwenzake kutoka kwenye DNA na kumrudisha nje. Yote hayo huchukua kama saa moja. Tahadhari ikiwa bado inalia, mlinzi mpya naye husagwa na mzunguko huanza upya. Wanasayansi waliitia NF-kappaB kipande cha protini kinachong'aa, wakaitazama kwa darubini katika seli hai: mwanga ulijaa kiinini, ukatoka, ukarudi tena, karibu kila dakika 100.

Breki ya pili inaitwa A20, nayo pia huwashwa na NF-kappaB. Hii haimshiki mfungwa, inaikata habari njiani kabla haijafika kwa IKK. Panya waliozaliwa bila A20 hufa wakiwa bado wadogo, miili yao imejaa uvimbe. Kwa binadamu, mwaka 2016 ilielezwa familia ambazo nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo ilikuwa imeharibika. Hilo pekee lilitosha kuwaletea, tangu utotoni, homa na vidonda vya mdomoni na sehemu za siri. Tofauti ndogo zaidi katika jeni hiyohiyo au karibu yake huongeza uwezekano wa mtu kupata lupasi, baridi yabisi au soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba. Kuongeza uwezekano si kusababisha. Wengi wenye tofauti hizo hawaugui kamwe. Ila ni ushahidi kwamba breki ikilegea, moto wa kawaida unaweza kukosa wa kuuzima.

Je, si basi NF-kappaB iondolewe kabisa? Hapana. Panya wasio na RelA, kipande chake kikuu, hufa kabla ya kuzaliwa, kwa sababu seli za ini lao hushindwa kuhimili TNF na kuangamia. Kwa hiyo matibabu hulenga kupunguza makali. Steroidi, pamoja na kazi zake nyingine, huizuia NF-kappaB isiwashe jeni za uvimbe. Dawa zinazoinasa TNF kabla haijafika kwenye kipokezi, ambazo zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 1998, zimewarudishia wagonjwa wengi wa baridi yabisi uwezo wa kufunga vifungo na kushika kikombe. Lakini TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni kwa miaka, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu kilichojificha kabla ya kupewa dozi ya kwanza.