Mbwa mwitu, mwindaji na sheria: ubishi wa gereji na ukweli wake

Kuna gereji Unga Limited, hapa Arusha, tunakopeleka gari msimu ukiisha. Land Cruiser za watalii wa picha zinapaki ubavuni mwa zile za kampuni za uwindaji, zisizo na paa wala milango, zote zikisubiri springi. Juzi fundi mmoja alituonyesha klipu kwenye simu: eti Wazungu wameruhusu mbwa mwitu wapigwe risasi. "Na ndio hao hao wanaotuambia tutunze simba," akasema, gereji nzima ikageuka bunge. Nimeendesha wageni wa uwindaji misimu sita kabla ya kuhamia kwa wa kamera, kwa hiyo sikuweza kunyamaza.

"Mbwa mwitu wao ndio hawa wetu."

Sio. Kosa ni la jina. Biblia ya Kiswahili inaposema manabii wa uongo kwa ndani ni mbwa mwitu wakali, anayesemwa ni mnyama mwingine, wa Ulaya na Asia. Sisi tukisikia hivyo tunamwona yule wetu mwembamba, mwenye mabakamabaka na masikio ya duara kama visahani. Undugu wao ni wa mbali. Alikuwepo mzee mmoja, mfuata nyayo wa zamani, amekalia tairi. Tulimpa shikamoo yake, akaitikia, kisha akamwita mbwa wa gereji, akamwinua mguu wa mbele na kutuonyesha ukucha mdogo uliokaa juu ya wayo. "Huu wa tano mnauona, wanangu? Yule wa porini kwetu hana." Na kweli hana. Wa kwetu ana vidole vinne miguu ya mbele. Mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wa Ulaya wana vitano.

Huyu wetu ndiye aliye taabani zaidi. Afrika nzima anakadiriwa kubaki kama 6,600, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wengi, hasa kusini, kwenye hifadhi za Nyerere na Ruaha. Makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti Serengeti yalipotea mwaka 1991. Kuanzia 2012 TAWIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa wanyamapori, ambao makao yao ni hapa hapa Arusha, wakawa wanachukua makundi kutoka Loliondo na kuyarudisha hifadhini. Zamani askari wa wanyamapori wenyewe walikuwa wakimpiga risasi kwa kumwona ni mharibifu tu. Leo hakuna leseni ya kumwinda.

Kichekesho ni kwamba ndugu wa karibu wa yule wa kwenye Biblia tunaye, ila tunamwita bweha. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2015 ulionyesha kuwa bweha wa dhahabu wa Afrika, huyu anayekatiza mbele ya gari Ngorongoro, si bweha yule wa Asia. Ukoo wake uko upande wa mbwa mwitu.

"Ulaya sasa ni ruksa, unampiga tu."

Klipu ilikata maneno. Mkataba wa Bern wa 1979, wa kulinda wanyama na mimea ya Ulaya, ulimweka mbwa mwitu kwenye kundi la wanyama wanaolindwa kwa ukali wote. Desemba 2024 nchi wanachama zilipiga kura kumshusha daraja moja, awe "analindwa" bila ule ukali, na badiliko likaanza kazi Machi 2025. Umoja wa Ulaya ukarekebisha sheria yake katikati ya mwaka huo huo. Maana yake nchi ikitaka inaweza kuweka uwindaji wa idadi maalumu, lakini idadi ya wanyama haitakiwi kushuka chini ya kiwango salama, na nchi inayotaka kubaki na ulinzi wa zamani haikatazwi. Hata kabla ya hapo vibali vya kumuua mnyama sumbufu vilikuwa vikitolewa. Wapo wanaosema yote haya ni kwa sababu farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, mkuu wa Tume ya Ulaya, aliuawa na mbwa mwitu 2022. Farasi aliuawa kweli. Lakini wafugaji walikuwa wameshalalamika miaka mingi kabla yake.

"Wawindaji wote wanataka aishe."

Hapa ndipo nilipobishana hadi chai ikapoa. Mgeni mmoja kutoka Sweden, usiku kambini, alitoa simu nikadhani nitaonyeshwa mapembe. Ilikuwa picha ya mbwa wake, na kola ya rangi ya chungwa shingoni. Kwao wanawinda kwa kumwachia mbwa msituni peke yake, atafute, abweke, mwindaji amfuate kwa sauti. Mbwa mwitu akisikia kubweka huko anakuja naye, na mbwa haponi. Yule bwana hakutaka mbwa mwitu waishe Sweden. Alitaka idadi yao iamuliwe na watu wanaoishi nao, si na ofisi iliyoko mbali na msitu. Msimu uliofuata nikampata Mmarekani aliyekuwa akiwasifu: anakotoka, alisema, mbwa mwitu akiwepo kulungu anakuwa mjanja, na yeye anapenda kuwinda mjanja.

Kwa hiyo ukiuliza "wawindaji wanasemaje", uliza kwanza wanawinda nini na kwa njia gani. Wenye mbwa ndio wenye hasira zaidi. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa 2003 uliwakuta wawindaji wa dubu, wanaotumia mbwa, wanamvumilia mbwa mwitu kidogo kuliko watu wengine wa vijijini. Halafu kuna hoja ya pesa. Tangu 1937 bunduki na risasi Marekani zinakatwa kodi inayoenda kwenye wanyamapori, ndiyo maana mwindaji wa huko anasema: mimi nalipa, basi nisikilizwe.

Huku kwetu hoja hiyo nimeisikia ofisi nyingi za uwindaji za mji huu, na si maneno matupu. Kanuni zinataka simba dume awe ametimiza miaka 6 ndipo awindwe. Nimeshuhudia mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, akiganda na darubini dakika arobaini, jua linamchoma shingo, anatazama pua tu. Pua ya simba kijana ni ya waridi. Kadiri anavyokua inajaa weusi. Mgeni ameshalipa, bunduki iko tayari, na jibu likawa hapana. Sisemi wote hufanya hivyo.

"Waruhusu kuwinda kidogo, hasira zitapoa."

Hoja tamu, na wawindaji wengi wanaiamini kwa dhati. Wisconsin walifungua msimu wa kumwinda mbwa mwitu Februari 2021, wawindaji wa leseni wakapangiwa wanyama 119. Kabla siku tatu hazijaisha walikuwa wamelala 218, wengi wao wakifukuzwa kwa mbwa. Mwaka uliofuata mahakama ikarudisha ulinzi. Lakini msidhani ulinzi wa karatasi unatosha. Uchunguzi wa Skandinavia, yaani Sweden na Norway, uliochapishwa 2012 ulikadiria kuwa karibu nusu ya vifo vya mbwa mwitu vilitokana na ujangili, na zaidi ya theluthi mbili ya ujangili huo haukuonekana na mtu yeyote. Risasi, shimo, kimya.

"Anamaliza mifugo."

Katika Umoja wa Ulaya kondoo wanaouawa naye kwa mwaka ni kama 7 katika kila 10,000. Hesabu hiyo mpelekee waziri. Aliyeamka akakuta kumi na wawili wamelala zizini usimpelekee.

"Lipa fidia, yameisha."

Utafiti ule ule wa 2003 uliwakuta waliolipwa hawana uvumilivu kuwazidi wasiolipwa. Kwetu serikali haiiti fidia kabisa. Inaitwa kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kufa, kifuta machozi. Fundi mwenye klipu, mtu wa Simanjiro, alicheka. Kwao, alisema, fomu inachukua muda mrefu kuliko mbuzi kuzaa. Lililomsaidia baba yake ni boma la wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti mibichi iliyopandwa ikachipua, fito zenyewe zikawa ukuta unaokua. Fisi bado wanakuja. Asubuhi mama yake anapotoka kukamua anaziona nyayo zimezunguka boma lote, zikarudi porini kwa njia ile ile zilikotokea.