Raifo 364: namba sahihi, hitimisho bovu

Kila muhula nasahihisha tasnifu zinazochambua umiliki wa silaha na mauaji nchini Marekani. Wanafunzi wanaupenda mjadala huo kwa sababu takwimu zake ziko wazi na hazilipiwi. Na kila muhula nakutana na sentensi ileile, hadi nimechoka kuijibu pembeni mwa ukurasa.

Dhana: "FBI wanasema mwaka 2019 raifo ziliua watu 364 tu, wachache kuliko waliouawa kwa visu. Kwa hiyo raifo si tatizo."

Namba 364 imo kweli kwenye jedwali la mauaji la FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Waliouawa kwa visu, 1,476, wamo, na waliouawa kwa ngumi na mateke, 600, nao wamo. Lakini hebu isome safu hiyo yote! Kuna mauaji 3,281 ya silaha za moto ambayo polisi hawakutaja aina ya silaha, kati ya 10,258. Karibu theluthi moja hatujui kama ilikuwa bastola, raifo au shotgani, nawe umeihesabu kuwa sifuri kwa upande wa raifo. Aina kutotajwa hakumaanishi kwamba haikuwa raifo.

Kalamu na karatasi zinatosha. Mauaji ambayo aina ya silaha inajulikana ni 6,977, na raifo ni asilimia 5.2 yake. Ukiyagawa yasiyojulikana kwa uwiano huohuo, raifo zinafika takriban 535. Ukiyabebesha raifo yote, jambo lisiloingia akilini, unapata 3,645. Ukweli uko mahali fulani kati ya 364 na 3,645, na hivyo ndivyo nataka iandikwe: kima cha chini, kima cha juu, kisha kadirio lako na namna ulivyolipata. Uwiano wenyewe una walakini, maana pale muuaji asipokamatwa wala silaha isipopatikana, ndipo aina nayo hukosa kuandikwa. Hayo si matukio yaliyookotwa kwa bahati nasibu.

Wa upande wa pili, wanaosema raifo ndizo tatizo kubwa, nao wasishangilie. Hata hizo 535 ni chache mno mbele ya bastola 6,368. Anayetaka kueleza mauaji ya kila siku ya Marekani aanze na bastola. Raifo huonekana uzito wake kwenye mashambulizi ya halaiki: Las Vegas, Oktoba 2017, mtu mmoja alifyatua risasi kutoka hotelini na waliokufa wakafikia 60. Ukisoma jumla ya mwaka peke yake, usiku ule huuoni.

Tena, jedwali hilo la FBI halitenganishi raifo ya mwindaji na AR-15, raifo ya mtindo wa kijeshi. Anayeliegemea kuandika sura nzima kuhusu AR-15 anaandika kitu ambacho hakimo.

Dhana: "Vifo vya bunduki maana yake ni mauaji." Hapana. Vyeti vya vifo vinavyokusanywa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, vinaonyesha vifo 39,707 vya silaha za moto mwaka 2019, na 23,941 kati yake ni watu waliojiua. Huko nako raifo na shotgani zimetiwa kwenye msimbo mmoja wa sababu ya kifo, X73, na vifo vingi vimeangukia msimbo wa aina isiyotajwa.

Dhana: "Ukaguzi wa wanunuzi ni idadi ya bunduki zilizouzwa." NICS, mfumo wa serikali unaokagua historia ya anayetaka kununua bunduki, ulipokea maombi zaidi ya milioni 39 mwaka 2020. Mengine ni ya vibali, na mengine ni ya kuwakagua upya watu wenye vibali tayari. Daftari la taifa la wamiliki halipo. Sheria ya 1986 inakataza kulianzisha.

Kwa kukosa daftari hilo, watafiti hukadiria umiliki wa kila jimbo kwa kipimo mbadala: sehemu ya watu waliojiua ambao walitumia silaha ya moto. Ni kipimo kizuri. Ila mwanafunzi akikichukua, akakitumia kutabiri watu wanaojiua kwa silaha ya moto, kisha akafurahia jinsi mstari wake ulivyonyooka, nairudisha kazi yote. Amekitabiri kitu kwa kitu hichohicho. Tafuta makadirio yaliyochanganywa na dodoso za kaya, kama yale ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya mwaka 1980 hadi 2016, na hata hayo usiyatumie kabla hujasoma jinsi yalivyoundwa.

La mwisho, "mauaji yalishuka 2021." Mwaka huo FBI walihamia mfumo mpya wa kukusanya taarifa, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwasilisha zao. Kilichoshuka ni ripoti. Kwa mwaka huo chukua vyeti vya vifo: CDC walihesabu vifo 48,830 vya silaha za moto, na 20,958 kati yake vilikuwa mauaji.