Bolti zimeingia, baridi haiji: tunayoambiana kuhusu spea za AC za magari ya zamani

Kila mwaka ifikapo Februari, kaskazi ikichoma na foleni ya feri ya Likoni haisongi, simu yangu huanza kulia. "Fundi, nimepata kompresa ya Corolla ya zamani, bei nzuri sana. Njoo unifungie." Nami huuliza swali lilelile kuhusu kompresa hiyo, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC: imetoka gari gani, la mwaka gani, na lilikuwa likitumia gesi gani? Aghalabu jibu huwa, "Ah, fundi, si zote ni sawa?"

Si sawa. Nimefanya kazi hii Mombasa miaka mingi, na gari linaloniumiza moyo zaidi ni lile lililokuwa na kasoro ndogo, likafungwa spea ya gari jingine, kisha likaharibika zima.

"Kompresa ni kompresa. Bolti zikiingia, imekubali."

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Denso wa Japani waliunda kompresa za jamii moja wakaziuza kwa watengenezaji wengi wa magari. Utakuta zimeandikwa 10PA15 au 10PA17. Ile 10 ya mwanzo ni idadi ya silinda, na tarakimu za mwisho zinaonyesha ujazo wake. Ukiziweka mbili mezani, utadhani ni pacha.

Sasa zigeuze. Matundu ya paipu moja yanaangalia juu, ya nyingine yanaangalia pembeni. Masikio ya kufungia yamepishana. Puli moja ina mifereji 4, nyingine 5 au 6. Puli ikikaa nje ya mstari kwa milimita chache tu, mkanda hulia, ukaliwa ukingoni, na siku moja ukaruka ukiwa Makupa saa moja jioni. Halafu kuna umeme. Klachi ni sumaku inayoishikanisha puli na kompresa, na ya basi au lori ina koili ya volti 24. Ukiipa volti 12 za gari dogo, sumaku haina nguvu ya kushika, klachi inateleza mpaka inaungua.

Kompresa za magari ya karibuni nazo ni jambo jingine kabisa. Nyingi hazina klachi. Puli huzunguka wakati wote, na kinachoamua kiasi cha baridi ni vavu ndogo ya umeme inayopokea amri kutoka kompyuta ya gari. Ukiipachika kwenye gari la miaka ya tisini lisilo na wa kuipa amri hiyo, itazunguka mchana kutwa na wewe utatoka jasho mchana kutwa.

"Gesi ni gesi, oili ni oili."

Hapa ndipo pesa za watu huishia, nami naomba msomaji avumilie kidogo.

Magari yaliyoundwa kabla ya miaka ya tisini mwanzoni yalitumia gesi ya R12. Gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni, na ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea mwisho: nchi tajiri ziliacha kuizalisha kufikia 1996, na nchi kama Kenya zikapewa hadi 2010. Kati ya 1992 na 1995 hivi, watengenezaji wengi wa magari walihamia R134a. Basi umbo moja la gari, lenye taa zilezile na milango ileile, linaweza kuwa na mfumo wa R12 likiwa la mwaka huu na wa R134a likiwa la miaka miwili baadaye. Anayekueleza ukweli ni kile kibandiko chini ya boneti. Hata bila kibandiko, tazama mahali pa kujazia: R12 hufungwa kwa skrubu, R134a hushikwa kwa kubanwa tu, na mdomo wa presha kubwa ni mnene kuliko ule wa presha ndogo.

Oili inafuata gesi. R12 hutembea na oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo, inataka oili ya sintetiki: ile inayoitwa PAG, au esta. Ukichukua kompresa ya R12 ikiwa na oili yake tumboni, ukaipachika kwenye gari la R134a, siku za kwanza itapoza vizuri, na ndiyo maana fundi ataapa kwamba kazi yake ni safi. Kumbe oili imesukumwa mbele, imelala kwenye evapoleta (ile sehemu ya ndani inayopoza hewa), wala gesi haiwezi kuirudisha. Kompresa inazunguka kavu. Inaanza kunguruma, kisha inakwama, na kabla ya kukwama imeshasambaza unga wa chuma kila mahali.

Je, gari la R12 laweza kuhamishiwa R134a? Laweza, na nimeyahamisha mengi. Unasafisha oili ya zamani, unaweka esta kwa kuwa inavumilia mabaki, unabadilisha draya (kopo linalonyonya unyevu) na zile pete za mpira, kisha unajaza gesi kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani. Ukijaza kiasi kilekile cha R12, presha hupanda na baridi hupungua. Kondensa (ile sehemu ya mbele inayotoa joto la gesi) ya kisasa yenye mirija bapa husaidia sana, na hapa nakubali kabisa spea ya gari jingine, ilimradi ikae vizuri mbele ya rejeta.

"Draya ya mtumba haina neno, si kopo tu?"

Ndani ya kopo hilo mna punje za kunywa maji. Draya iliyokaa wazi juu ya rafu ya duka la spea hapa Pwani imeshashiba. Unajua chumvi ya jikoni inavyolowa yenyewe wakati wa mvua za masika. Punje hizo hufanya vivyo hivyo, na oili ya PAG iliyoachwa bila kifuniko pia. Maji yakibaki ndani, huganda kwenye vavu ya ekspansheni, kile kitundu chembamba gesi inapopitia kabla ya evapoleta, na kuziba njia, au huungana na gesi na kuwa asidi inayokula chuma. Mimi sifungi draya ya mtumba. Mteja akikataa kununua mpya, namrudishia gari lake.

"Kompresa ikifa, badilisha kompresa peke yake."

Ule unga wa chuma nilioutaja uko kwenye kondensa. Kondensa za zamani zenye bomba moja refu huoshwa zikasafishika. Zile za mirija bapa myembamba haziosheki zikaisha, zibadilishwe. Vinginevyo kompresa ya pili inafuata ya kwanza.

"Inapoza barabarani, ikifika foleni inaacha: kompresa imechoka."

Mara nyingi ni feni, au kondensa iliyoliwa na chumvi ya bahari mpaka mapezi yake yanapukutika ukiyagusa. Gari likikimbia, upepo hufanya kazi ya feni. Likisimama, hakuna wa kuifanya. Angalia feni kwanza kabla hujanunua chochote.

"Gesi ya kupikia inapoza vilevile."

Inapoza, ndiyo. Lakini evapoleta iko chini ya deshibodi, karibu na miguu ya abiria, na ikivuja, gesi inayowaka inajaa ndani ya gari mlimofunga vioo. Usikubali, hata ukiambiwa ni ya bure.

Ukitaka kuniletea spea ya gari jingine, njoo na picha ya kibandiko cha boneti, na picha ya maandishi yaliyo kwenye mwili wa kompresa. Nyingi zimeandikwa gesi na oili yake palepale. Ile iliyokufa usiiuze kwanza kwa watu wa skrapu. Nataka niimwage oili yake kwenye chupa nione rangi: ikiwa safi, tunaongea kuhusu kompresa. Ikiwa nyeusi yenye vimetameta, tunaongea kuhusu kondensa, vavu na draya pia.